Mapengo Arobaini

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa banda. Daktari Melkizedeki ameshika daftari mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, ananiomba kwa upole nimwonyeshe wale nguruwe ishirini wasio na pengo sikioni. Nami nilikuwa najua, kama ninavyojua kuwa jina langu ni Kefa, kwamba hakuna hata mmoja.

Wapo wasomaji walioandika kwa mhariri kuuliza kama mtu mjinga kiasi hicho aliwahi kweli kuajiriwa. Jibu ni ndiyo, na nilipewa na baiskeli.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, au aliyefungiwa ndani yake maandazi, nisimulie upesi. Mwaka ni 1975. Mimi ni Bwana Mifugo wa kijiji kimoja cha Ujamaa kando ya msitu wa Mgori, nina cheti cha miezi mitatu na kofia. Adui yetu ni homa ya nguruwe. Ngiri wa msituni wanaibeba bila kuumwa, papasi, wale kupe wa kwenye nyufa, wanaitoa kwa ngiri na kuileta mabandani, na nguruwe wa kufugwa akiipata hamalizi wiki. Dawa hakuna. Daktari, mtu wa maabara ya serikali, alituletea chanjo mpya ya majaribio, dozi ishirini ndani ya sanduku la barafu, pamoja na amri moja tu. Kijiji kina nguruwe arobaini. Chanja ishirini, wakate pengo sikio la kulia. Ishirini waliobaki usiwaguse, ili homa ikija tuone tofauti.

Amri moja. Hata mtoto wa darasa la pili angeitimiza.

Tatizo likawa mkutano. Mwenyekiti wetu, Mzee Antipasi, alisimama mbele ya kijiji kizima akauliza: ikiwa tulihamia hapa pamoja, tunalima pamoja na tunapanga foleni ya sukari pamoja, ni nani huyo aliyeamua nguruwe wa fulani waishi na wa fulani wafe? Watu wakapiga makofi. Hata Waislamu wa kijiji, ambao nguruwe hawamfugi wala hawataki kumsikia, walinyoosha mikono kumuunga mkono, maana haki ni haki.

Hapo ndipo nilipaswa kueleza maana ya jaribio. Lakini Magdalena, ambaye nitamfikia, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nikasimama, nikarekebisha kofia, nikasema kwamba sayansi nayo ni mali ya wananchi. Nilipigiwa makofi kumshinda Mwenyekiti. Kesho yake nikachanganya zile dozi ishirini na maji yaliyochemshwa, zikawa arobaini, na kila nguruwe akapata nusu yake na pengo lake. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu halikuwa la kufa, lilikuwa zima kabisa, ila na lenyewe halikusikia.

Haya, turudi mlangoni.

Daktari aliinama akatazama sikio la kwanza. Akatazama la pili. Alipofika la kumi aliacha kuinama. Akanigeukia na kuuliza ni nini hiki.

Uongo, ndugu zangu, ukiuhitaji unakuja wenyewe bila kuitwa. Nilimwambia ni wananchi. Nilimwambia kwamba kwetu mnyama mwenye sikio zima anaonekana hana mwenyewe, na kwamba wale ambao nguruwe wao hawakuchanjwa waliona haya, wakachukua visu wakawakata wenyewe. Nikaongeza kwamba niliwakemea sana.

Daktari akacheka. Alikuwa mtu mwembamba, hacheki ovyo, na kicheko chake kilinipa moyo vibaya. Akasema watu wetu bwana, kisha akaniuliza kama ninawakumbuka waliochanjwa kweli.

"Wote," nikasema. "Kwa majina."

Nikaanza kuonyesha. Huyu alichanjwa, huyu hakuchanjwa. Mwingine nikasema namkumbuka kwa sababu alipiga chafya. Daktari anaandika, mimi naelekeza kidole kama askari wa barabarani, na kwa kweli nilianza kuona raha. Kati ya wote arobaini, ni mmoja tu niliyemfikiria kwa makini kabla ya kumtaja.

Huyo alikuwa wa Magdalena. Magdalena ndiye katibu wa kikundi cha wafugaji. Operesheni ya kuhamia vijijini ilimkuta upande wa Mtinko, nyumba yake ikaezuliwa, vyombo vikavunjika njiani, na kitu kimoja alichofika nacho kikiwa kizima ni nguruwe jike aliyemswaga kwa kamba siku mbili. Akamwita Operesheni. Sasa Operesheni alikuwa na mimba kubwa, na Magdalena alikuwa ameshawaahidi majirani wanne kila mmoja mtoto wa kuanzia ufugaji. Mimi nilikuwa sina mpango wa kufuga. Mpango wangu ulikuwa Magdalena.

Basi nikapiga hesabu zangu. Nikasema kichwani: Daktari huyu ametoka maabara, na watu wa maabara hawaondoki mikono mitupu. Ni lazima atataka kuwachukua baadhi ya waliochanjwa, akawapasue atazame ndani. Kwa hiyo Operesheni nikamweka salama. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba huyu hakuchanjwa, sindano haikumgusa kabisa.

"Vizuri," akasema Daktari. "Nilikuwa natafuta asiyechanjwa mwenye afya."

Akafunga daftari. Akanieleza kwamba anachukua watano waliochanjwa na watano wasiochanjwa, na kwamba huko maabara wote kumi watawekwa banda moja na kupewa homa yenyewe. Wasiochanjwa wanatarajiwa kufa. Wasipokufa wao, alisema, hatutajua kama wenzao waliokolewa na chanjo au na bahati. Akamwambia dereva aanze na yule jike mwenye mimba.

Nilisimama pale na akili zangu zote. Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi kilio changu kilikuwa kinakuja kwa miguu, kimefunga kanga kiunoni na kushika ndoo ya pumba.

Magdalena alimwamkia Daktari, akaweka ndoo chini, akauliza nguruwe wake anapelekwa wapi. Daktari akamweleza vilevile alivyonieleza mimi, bila kumpunguzia neno. Mimi nikaingilia, nikapendekeza achukuliwe mwingine, nikamtaja mmoja kilema. Daktari akasema jaribio haliangalii uso wa mtu, na kwamba kilema akifa hatujui amekufa kwa nini.

Magdalena hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Bwana Mifugo, huyu si ulimchanja mbele yangu? Mimi ndiye niliyemshika miguu."

Mzee Antipasi alikuwa amefika tayari na fimbo yake, na alielewa mambo upesi kuliko mimi. Alijua mkoani wakisikia kijiji kiligawana chanjo ya majaribio kama sukari, mradi wa nguruwe utafutwa na yeye ataitwa kujieleza. Akakohoa. Akasema kwa sauti ya baba kwamba akina mama wana kazi nyingi, husahau, na huenda Magdalena alishika miguu ya nguruwe mwingine.

Magdalena aliendelea kunitazama mimi tu. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa ananisubiri, na hilo ndilo liliniuma. Ningenyamaza hapo, mwanamke huyu angeitwa mwongo mbele ya kijiji chake na nguruwe wake angepakiwa garini, vyote kwa sababu ya kofia yangu.

Nikaivua. Nikasema.

Nilisema yote bila kupumua: mkutano, makofi, maji yaliyochemshwa, nusu kwa nusu, mapengo arobaini, na kwamba majina niliyomwandikisha Daktari asubuhi ile niliyatoa kichwani kama mtu anayetunga wimbo. Nilijaribu hata kumtetea Mzee Antipasi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nafikiri mtu angenikata pengo siku ile nisingelisikia.

Daktari hakufoka. Ningependa afoke. Alikaa juu ya sanduku lake la barafu, akatoa mfukoni barua iliyokunjwa, akaifungua na kunionyesha mwandiko. Ulikuwa wangu. Mwezi uliopita nilimwandikia kwamba waliochanjwa ishirini wote ni wazima, wanakula, wanapendeza, na chanjo imefanikiwa kupita matarajio. Kupita matarajio ni maneno niliyoyasikia redioni.

"Kwa barua hii," akasema, "kuna dozi mia nane mjini Singida. Saa kumi jioni leo zinapakiwa lori kwenda vijiji kumi na viwili."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama hiyo si habari njema.

Hapo akanifundisha kwa dakika tano kile ambacho miezi mitatu ya cheti haikunifundisha. Chanjo ile, alisema, ni ugonjwa wenyewe, ule ule wa ngiri, uliopitishwa maabara mara nyingi mpaka ukalegea. Ukilegea vya kutosha, unamfundisha nguruwe kujilinda. Usipolegea vya kutosha, unamuua polepole, na yeye anawaambukiza wenzake. Hakuna anayejua uko upande gani mpaka awaweke waliochanjwa na wasiochanjwa mahali pamoja na kuwatazama. Ndiyo maana alitaka ishirini wasioguswa. Hawakuwa wamebaguliwa. Walikuwa ndio wenye jibu.

Wakati anasema hayo alikuwa ameshatoa kipimajoto, kwa mazoea tu, akampima Operesheni. Akakitazama. Akakitazama tena. Nyuzi arobaini na moja na nusu. Akamgeuza sikio, lile lenye pengo langu, na nyuma yake palikuwa na madoa mekundu. Akamtazama tumbo, huko nako yalikuwapo.

Magdalena akasema kwa utulivu kwamba tangu juzi hamalizi pumba zake, na kwamba alikuwa ameniarifu. Ni kweli aliniarifu. Nilimwambia ni mambo ya mimba.

Daktari akapima wengine. Kati ya wanane aliowapima, watatu walikuwa na joto. Akasimama, akatazama saa yake.

Swali aliuliza Magdalena, si mimi mwenye cheti. Alisema: "Daktari, hii ni homa ya porini au ni dawa yenu?"

"Sijui, mama. Kama ni ya porini, chanjo haikusaidia kitu ila haina ubaya mwingine. Kama ni chanjo, basi lori la saa kumi linapeleka ugonjwa vijiji kumi na viwili. Ningekuwa na nguruwe mmoja tu wa hapa ambaye hakuchomwa, ningekwambia. Sina."

Nikatazama mapengo yale arobaini, kazi ya mikono yangu, nadhifu kabisa. Kazi pekee niliyowahi kuifanya kwa usawa.

Ndipo Mzee Antipasi akakohoa tena, lakini kikohozi hiki kilikuwa kingine. Alitazama chini, akachora mstari kwa fimbo, akaufuta kwa mguu.

"Yupo mmoja," akasema.

Sikuelewa. Daktari hakuelewa. Mzee akaeleza kama anayetema mfupa. Siku tulipoandikisha nguruwe, yeye alileta jike mmoja tu. Dume lake, dume kubwa la mbegu, alilipeleka shambani kwake pembeni kabisa mwa msitu, akalificha, kwa sababu yeye binafsi hakuiamini sindano.

Ndugu msomaji, ni yule yule. Ni Antipasi aliyeuliza ni nani aliyeamua wa fulani waishi na wa fulani wafe. Ningemcheka, ila mtu aliyekwisha kuvuliwa nguo hacheki wenzake.

Tulipanda gari la Daktari wote wanne. Ilikuwa saa nane kasoro. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na Magdalena, mahali nilipopaota miezi sita, na sikutaka kuwapo. Niliomba Mungu kitu ambacho sijawahi kukisikia kikiombwa kanisani. Niliomba tulikute lile dume limekufa.

Maana fikiria na wewe. Dume lile lililala jirani na ngiri wenyewe. Kama homa ya porini ilishuka kutoka msituni, lingekuwa la kwanza kuipata. Tungelikuta limelala miguu juu, ningejua kwamba wa Magdalena naye kauguzwa na msitu, wala si mimi. Nililiombea mauti dume la watu njia nzima.

Gari likasimama. Mzee akatangulia, akasogeza miiba ya uzio.

Dume lilikuwa limesimama. Lilikuwa linene, linang'aa, masikio yote mawili mazima, mdomo ndani ya maboga, na lilitutazama mara moja likarudia kula. Daktari akaingia, akalipima. Nyuzi thelathini na tisa, joto la kawaida la nguruwe. Akalitazama nyuma ya masikio na chini ya tumbo. Safi.

Mzee Antipasi akafurahi, maskini. Akasema, mnaona, zima kabisa. Polepole akaona nyuso zetu, na furaha ikamtoka.

Daktari akasema nguruwe mmoja si ushahidi wa kuandika kitabu, lakini anatosha kulizuia lori. Atakwenda mjini kwa kasi yote, na Mzee atakwenda naye kueleza kwa kinywa chake kwa nini dume lake halina pengo. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu barua ilikuwa yangu na ilifaa niifute mwenyewe. Nikashika mlango nipande.

Magdalena akanizuia mkono.

"Daktari, andika aliyosema akutilie sahihi hapa hapa," akasema. "Huyu habanduki. Amemchoma yeye, atamuuguza yeye."

Nikatia sahihi juu ya boneti la gari. Sahihi ile ndiyo iliyozika cheti changu, na mkono wala haukusita, kwa kuwa mwenye kanga kiunoni alikuwa ananisimamia. Wakatushusha kijijini, gari likageuka likashika njia ya Singida na vumbi lake. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Kama liliwahi au halikuwahi, wakati ule sikuwa na nafasi ya kujiuliza.

Kwa sababu tulipoingia bandani, Operesheni alikuwa amelala ubavu, anatweta, na mimba ilikuwa inatoka wiki mbili kabla ya siku zake.

Magdalena akapiga magoti kwenye majani. Akaniambia nishike mguu wa nyuma, nikashika. Akaniambia niache kuomba msamaha kwa sauti, namchanganya mnyama. Nikaacha. Nilikuwa nimemwandalia Magdalena maneno mengi tangu mkutano ule, maneno mazuri, na yote yalinitoka kichwani. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho hakikuwa yeye tena. Nilitaka wale watoto wawe hai.

Wa kwanza akatoka. Mdogo, mwekundu, anateleza kama sabuni. Magdalena akamfuta pua kwa ncha ya kanga, akampuliza, akamweka kwenye viganja vyangu viwili.

"Anapumua?" akaniuliza.

Miaka yote nilikuwa na jibu la kila swali. Nilikuwa nalo mkutanoni, nilikuwa nalo kwenye barua, asubuhi ile ile nilikuwa na majibu arobaini. Nikamwinamia yule mtoto, nikasikiliza, nikamgeuza, nikasikiliza tena.

"Sijui," nikasema. "Magdalena, kweli sijui."

Hakuniangalia. Mkono wake ulikuwa umesharudi kazini.

"Basi jifunze upesi," akasema. "Wa pili huyu anatoka."